Vigo ya kazi: relei ya betri ya pili, chaja ya DC-DC au sola? Naomba ulinganisho

Bwana_Mifugo
Wakuu, habari za majukumu. Nina Hilux Vigo dabo kebini, ile ya 3.0 D-4D, naitumia kwa huduma za mifugo Simanjiro na mara nyingine nashuka hadi Kiteto. Nataka kufunga friji ya kompresa ya lita 40 kwa ajili ya chanjo, taa mbili za nyongeza mbele, na mahali pa kuchajia laptop na simu. Winchi (mashine ya kuvutia gari likinasa) itafuata Mungu akijalia.

Chanjo nyingi ninazobeba zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. (Ya ndigana kali haimo humu, hiyo inasafiri kwenye mtungi wake wa naitrojeni.) Kuna siku naendesha kutwa, na kuna siku gari linapaki bomani toka asubuhi mpaka kesho yake. Sasa hivi natumia kasha la barafu, na huko ninakozunguka barafu ni ya kubahatisha.

Betri iliyopo ni moja, saizi ya N70. Nimetajiwa njia tatu: relei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka, chaja ya DC-DC, au niache kabisa umeme wa gari niweke sola juu ya kerio na betri yake peke yake. Tatizo kila fundi anasifia anachouza. Nani ametumia nini, na kimemfaa wapi?

FundiUmeme_Unga_Ltd
Mkuu, anza na tumbo la friji ndipo uje kwenye maboksi. Friji ya aina hiyo ikiwa inazunguka inakula kama wati 45, yaani karibu ampia 4. Kwa joto la kwenu chukulia inazunguka nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa ampia 2, kwa siku nzima ampia-saa 48 (kwenye betri mtaani tunasema ampia tu). Sema 50.

Betri ya kawaida ya ampia 100 haifai kushushwa chini ya nusu, ukiizoesha hivyo inakufa mapema. Kwa hiyo una siku moja tu ya kusimama. Lithiamu ya ampia 100 unaweza kutumia 80 bila wasiwasi, hapo una siku moja na nusu.

Sasa kurudisha hizo 50. Relei inafunga volti zikipanda hadi 13.2 au hapo karibu, inaachia zikishuka 12.7. Ni kifaa rahisi, hakina cha kuharibika sana, na bei yake utailipa bila kumwomba mtu. Ubaya wake ni kwamba betri ya pili inapata kile tu altaneta (inayozalisha umeme injini ikiwaka) ilichotoa, ukitoa kilichopotea kwenye waya. Vigo injini ikipata joto altaneta inashusha volti. Nimepima nyingi: asubuhi inasoma 14.2, mchana umetoka kupanda mlima unakuta 13.5. Kwa volti hizo betri ya nyuma haijai hata uendeshe mpaka Dodoma.

Chaja ya DC-DC inapokea volti yoyote iliyofika na kuipandisha hadi ile ambayo betri inataka. Ya ampia 25 inarudisha mahitaji yako ya siku kwa saa mbili na ushee kama betri ni lithiamu. Ikiwa ni ya maji au AGM (ile ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji), ile robo ya mwisho inaingia polepole hata ukiweka chaja ya namna gani.

Kwako ningefunga DC-DC.

Mzee_wa_1HZ
Vijana mnapenda vifaa. Mimi nina Land Cruiser pikapu, injini ya 1HZ, betri mbili na relei, ipo hivyo tangu hamjamaliza shule na friji inagandisha. Ikifa porini nafungua nati mbili naunganisha waya moja kwa moja naondoka. Hiyo chaja yenu ikifa utaifungua na nini?

FundiUmeme_Unga_Ltd
Shikamoo mzee. Gari lako altaneta yake ni ya kizamani, inatoa 14 na zaidi muda wote, na wewe unaendesha kila siku. Kwa hali hiyo hata mimi nisingekuuzia kitu kingine. Huyu bwana anasimama bomani siku nzima.

Mzee_wa_1HZ
Marahaba. Hapo umesema.

Ranger_wa_Kitengela
Niongeze kidogo kutoka Kenya. Gari yangu ni Ford Ranger T6. Jamaa mmoja wa wiring alinifungia relei na akanihakikishia iko sawa. Kumbe hizi gari mpya altaneta inaongozwa na kompyuta: betri ya mbele ikishajaa, volti zinashushwa kuokoa mafuta. Relei inaona zimeshuka, inaachia. Natoka Nairobi hadi Isiolo na betri ya nyuma iko vile vile ilivyotoka nyumbani! Nikaweka DC-DC yenye waya wa kuhisi swichi ya gari, ndiyo ikatulia. Bwana Mifugo, Vigo yako haina hiyo shida, lakini ukija kubadilisha gari, chaja utahama nayo. Relei utaiacha.

Daktari_wa_Kuku_DOM
Mimi nabeba chanjo pia. Watu wanazungumzia betri na kusahau friji yenyewe. Friji nyingi zina mpangilio wa ulinzi wa betri, ngazi tatu: juu, kati, chini. Zikitoka dukani mara nyingi ziko juu, maana yake friji inajizima volti zikishuka kidogo tu. Ukishakuwa na betri ya pili iliyotengwa, weka chini.

Halafu waya mwembamba unaidanganya friji. Betri inasoma 12.4, lakini kompresa ikianza kuvuta, kwenye plagi zinafika 11.5. Friji inaamua betri imekwisha, inazima, inapumzika, inawaka, inazima. Unakuta taa yake inakonyeza saa nane usiku huku betri ina umeme wa kutosha.

Na usiishushe sana kwa woga wa joto. Baadhi ya chanjo zikiganda hazifai tena, na kwa macho huoni tofauti. Mimi naweka nyuzi 5, na kipimajoto changu mwenyewe kinakaa katikati ya chupa. Namba ya kwenye mlango siiamini.

Bwana_Mifugo
Daktari asante sana, hilo la ngazi tatu hakuna aliyewahi kuniambia. Sasa waya, niweke wa ukubwa gani? Fundi wa huku kaniletea wa milimita 6, anasema unatosha kabisa.

FundiUmeme_Unga_Ltd
Tupige hesabu. Toka betri ya mbele hadi kwenye bodi weka mita 5, kwenda na kurudi 10. Ampia 25 zikipita kwenye shaba ya milimita 6 za mraba, unapoteza kama volti 0.7. Kwenye milimita 16 unapoteza chini ya 0.3. Ukichagua relei hizo 0.7 ni msiba. DC-DC inavumilia kwa sababu inapandisha yenyewe, lakini itavuta ampia nyingi zaidi mbele ili kufidia, na waya utapata moto. Weka 16, iwe ya nyuzi nyingi laini. Ule mgumu wa kufungia nyumba usiuguse, barabara zenu zitaukata.

Kabla hujalipa, kwangua ncha kwa wembe. Kuna waya zinauzwa nyekundu safi, kwa nje rangi ya shaba, ukikwangua ndani ni nyeupe. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo na ukiikunja mara chache inakatika. Ishike mkononi pia, ni nyepesi kuliko ukubwa wake.

Fyuzi: moja karibu na betri ya mbele, isizidi urefu wa shibiri, na nyingine hivyo hivyo upande wa betri ya nyuma. Watu wanasahau ya nyuma, na ule mwisho nao una umeme. Kwa waya wa 16 weka ya ampia 60. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ukubwa wake unafuata waya. Pale waya unapopita kwenye bati, weka raba kwenye tundu. Ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari) ya nyuma usifunge kwenye boliti yoyote uliyoiona: kwangua rangi hadi bati ling'ae, au rudisha waya wa hasi hadi mbele.

Friji usiichomeke kwenye tundu la kiberiti. Linalegea kwenye vumbi na mtikisiko. Weka plagi ya Anderson, ile nzito inayobana vizuri, ya ampia 50.

Ranger_wa_Kitengela
Na taa usizipitishe kwa betri ya nyuma. Hizo ni za kuendeshea, injini iko on, chukua betri ya mbele na relei yake ya pini nne, namba zimeandikwa juu yake: 30 kwa betri kupitia fyuzi, 87 kwa taa, 85 ethi, 86 kwa swichi. LED mbili za wati 60 ni ampia 10 tu.

Lori_Dogo
Kwa nini asiende sola moja kwa moja? Jua la Simanjiro ni la bure. Paneli ya wati 100 inakupa kama ampia 30 kwa siku nzuri, mbili zinamaliza mahitaji ya friji.

Daktari_wa_Kuku_DOM
Siku nzuri, ndiyo. Ukipaki chini ya mgunga ili friji isipate moto, paneli nayo iko kivulini. Ukipaki juani, friji inakula zaidi. Paneli ya kukunja yenye waya mrefu ndiyo jibu, gari kivulini paneli juani, ila tafuta mtu wa kukaa nayo maana mbuzi wanapenda kupanda juu yake.

Bwana_Mifugo
Mbuzi wa kwetu wanakula hata waya 😂

Wakuu naona imekaa hivi: DC-DC ya ampia 25, ile yenye mlango wa sola pia, na AGM ya ampia 100 kwenye boksi ndani ya bodi nyuma ya kebini. Mfuko ukiruhusu naongeza paneli moja ya kukunja. Lithiamu ngoja kwanza, bei yake inanikimbiza.

FundiUmeme_Unga_Ltd
Sawa kabisa. Ila nunua chaja unayoweza kuibadilisha mpangilio kwenda lithiamu baadaye. Na asikudanganye mtu uweke lithiamu kwenye relei tupu: hata ikiwa imepumzika inabaki na volti 13 na kitu, relei haiachii, betri zinabaki zimeshikana usiku kucha.

Lori_Dogo
Springi je? Betri, friji, boksi la vifaa, kesho winchi na bampa la chuma.

Mzee_wa_1HZ
Springi apime gari likiwa limebeba vitu vinavyokaa humo siku zote, achague kwa uzito huo. Akiweka za mzigo mzito na bodi tupu, hizo chupa za chanjo zitaruka hadi Kibaya. Na winchi, kijana, waya zake ziende betri ya mbele moja kwa moja. Ya ratili 9,500 ikivuta kwa nguvu zote inakula zaidi ya ampia 400. Injini iwe inaunguruma, usije ukatoka matopeni ukashindwa kuliwasha.