Machinga waondoke barabarani, sawa. Na magari yaliyoegeshwa je?

Wadau, habari za jioni.

Naleta hoja hii nikijua humu kuna wenye fremu za maduka, kuna machinga wenyewe, kuna watumishi wa manispaa, na kuna sisi wapita njia ambao tunanunua soksi tukishuka kwenye daladala, tukifika nyumbani tunalalamika kwamba mji umechafuka. Msimamo wangu nauweka mapema: kuwahamishia machinga kwenye masoko yaliyo nje ya njia ya wateja ni kumwaga fedha za umma. Itaendelea kuwa hivyo hata mkoa ubadilishiwe wakuu mara ngapi.

Hili si jambo la juzi. Mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi. Sheria ikatungwa, watu wasio na kazi inayotambulika wakakamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wakalime. Waulizeni wazee waliokuwepo: waliopandishwa malori wengi walirudi mjini. Mwaka 2006 ikaja operesheni nyingine, vibanda vikavunjwa. Desemba 2016 Rais Magufuli akaagiza wasibughudhiwe, na Desemba 2018 akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja Sh 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki Sh milioni 4 kwa mwaka. Aliyekuwa nacho shingoni aliweza kumwangalia mgambo usoni. Septemba 2021 Rais Samia akaelekeza wapangwe upya bila vurugu wala uonevu, na Oktoba ile barabara za Dar zikasafishwa moja baada ya nyingine. Leo piteni Mtaa wa Kongo pale Kariakoo mje mseme mmeona nini.

Kila awamu ina lugha yake, lakini mwisho ni uleule. Wanaondolewa, wanakaa pembeni kidogo, wanarudi. Wengi humu wanasema ni ukaidi. Mimi nasema tunakataa kuangalia biashara yenyewe inavyokwenda.

Angalieni Mbagala Rangi Tatu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kuna dada ninayemnunulia viatu vya watoto pale. Anatandika turubai, anapanga jozi mojamoja zimefungwa kwa mpira, namba kaziandika kwa kalamu kwenye soli ili mteja asipoteze muda kugeuzageuza. Taa yake ni balbu ndogo iliyounganishwa na betri. Daladala inashusha, watu wanamiminika, wengine wanakimbilia bajaji, na katikati ya hapo mama mmoja anakumbuka kwamba kiatu cha mwanawe cha shule kimeachia. Anainama, anauliza bei, anaomba apunguziwe, analipa, anaondoka. Ni dakika chache tu. Yule mama hakutoka nyumbani kwenda kununua viatu. Alikuwa anarudi kazini. Ungeliweka lile turubai mitaa mitatu ndani, asingelifuata, angesema "nitanunua mwisho wa mwezi". Na mwisho wa mwezi una mambo yake.

Dada huyu 2021 alipangiwa kizimba kwenye soko, akaenda kwa moyo mweupe, tena na mwenzake wakachangia turubai la kuzuia jua. Wauzaji walikuwepo, wanunuzi hawakuwepo. Akawa anauza jozi moja au mbili kwa siku, na siku nyingine hapati kitu, huku marejesho ya mkopo yanadaiwa kila jioni. Nazungumzia ile mikopo tunayoiita kausha damu, ambayo anayekuja kukusanya hataki kusikia habari za kizimba kipya wala mipango miji. Mtaji ukaliwa. Alipopata mzigo tena kwa mali kauli, alipe akishauza, alirudi Rangi Tatu. Mnaomwita mkaidi, nielezeni mngefanya nini.

Na mkitaka ushahidi mkubwa kuliko wa mtu mmoja, tunao pale Ilala. Jengo la Machinga Complex lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, likaanza kutumika miaka ya mwanzo ya 2010. Ghorofa, saruji, ngazi. Kwa miaka mingi vizimba vya juu vilikaa vitupu, huku nje, hatua chache tu, eneo la Karume limefurika mitumba na watu. Anayetafuta shati la mtumba hapandi ngazi kulifuata. Deni likabaki, Jiji na mfuko wakawa wanavutana. Fedha zile ni michango ya wafanyakazi, na bado tunaambiwa dawa ni kujenga mengine.

Sasa nije kwenye hoja ambayo sijasikia ikijadiliwa vya kutosha. Tunasema machinga wanaziba barabara. Nendeni Kariakoo saa tano asubuhi mwangalie barabara imezibwa na nini. Pande zote mbili za mtaa zimejaa magari yaliyoegeshwa, mengine tangu alfajiri, hayana mtu ndani, yanamsubiri mwenyewe anayefanya kazi ghorofa ya tatu. Eneo la gari moja linatosha meza tatu au nne, na meza hizo zinalisha familia tatu au nne. Mwenye gari analipia maegesho na habari inaishia hapo, hakuna anayemwita uchafu wa mji. Machinga akisema yuko tayari kulipa ushuru wa siku kwa eneo dogo kuliko hilo, anaambiwa barabara si mahali pa kuuzia. Barabara ni mali ya wote. Ikiwa tumekubali kumpangishia mwenye gari kipande chake, basi tunachobishana ni nani mwenye haki ya kupangishiwa, na hilo ni swali la kisiasa, tulijadili hivyo.

Najua majibu yatakayokuja, mengine yameshaanza. Nayachukua.

Mdau mmoja mwenye duka kaandika kwamba yeye analipa kodi ya fremu ya mwaka mzima kwa mkupuo, leseni, kodi ya TRA, mashine ya risiti ya EFD, ulinzi na taka, halafu mtu anatandaza bidhaa ileile mlangoni kwake kwa bei ya chini. Ndugu yangu, hapo una haki kabisa, sikupingi. Hakuna mtu anayepaswa kuzibiwa mlango wa riziki yake. Lakini tuseme na upande wa pili, kwa sababu wote tunaokwenda Kariakoo tunaujua. Sehemu ya mzigo unaouzwa nje umetoka ndani. Kuna wenye maduka wanaowapa vijana mzigo asubuhi, vijana wanauza nje bila risiti, jioni wanahesabiana. Yule kijana hapo ni muuzaji wa duka asiye na ajira, na anayekwepa kodi ni mwenye mzigo. Mgambo anapomnyang'anya yule kijana, tajiri wa mzigo hatoki hata jasho, na deni linabaki kwa kijana. Kama tunataka usawa wa kodi, tumfuate mwenye mzigo. Ni kazi ngumu zaidi kuliko kubeba meza, nakubali, lakini ndiyo kazi.

Mwingine kauliza kuhusu watu wenye ulemavu, wajawazito na watoto wa shule wanaolazimika kushuka barabarani na kupishana na bodaboda kwa sababu njia ya miguu imejaa. Hii kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ningependa machinga mliomo humu muipokee bila kujitetea. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kuruka turubai. Asiyeona anatembea kwa kukumbuka njia, na meza iliyohamishwa jana kwake ni hatari. Njia ya miguu lazima ibaki wazi, kwa upana unaojulikana na mstari uliochorwa chini kwa rangi, na atakayevuka mstari aondolewe. Ila mstari huo umhusu na mwenye gari anayepandisha matairi juu ya njia ya miguu, na mwenye duka anayetoa majokofu na masanamu ya nguo nje. Wakifuatwa machinga peke yao, basi suala halikuwa mtu wa kiti cha magurudumu.

Aliyetaja moto pia kasema kweli. Gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye mitaa mingine ya Kariakoo, na hili linatisha. Lakini tukumbuke kilichoungua. Julai 10, 2021 liliungua Soko Kuu la Kariakoo. Januari 16, 2022 likaungua soko la Karume. Yote mawili yalikuwa masoko, sehemu ambazo wafanyabiashara waliruhusiwa kuwepo. Kwa hiyo kuwaingiza watu sokoni hakujawaokoa na moto, na aliyepoteza mtaji wote usiku mmoja alikuwa amefanya kila tulichomwambia afanye. Njia za zimamoto zinahitajika ndani ya masoko kama zinavyohitajika mitaani.

Na wale wa "wapewe mikopo waende wakalime", sitakaa sana hapo. Kilimo kinataka ardhi, mtaji na uvumilivu wa msimu mzima, na Nguvu Kazi ilishatupa jibu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni jambo jema, lakini inakwenda kwa vikundi. Dada wa viatu hana kikundi, ana watoto wawili na turubai.

Ninachopendekeza si kuacha kila mtu akae anapotaka. Kuna mitaa ambayo inaweza kufungwa kwa magari kuanzia saa kumi na moja jioni, meza zikapangwa kwa namba, ushuru ukalipwa kwa risiti ya mashine, na kila mtu akafagia eneo lake kabla ya kuondoka. Jioni ndipo wateja wapo, na jioni wenye maduka wengi wanafunga. Kwenye vituo vikubwa vya daladala, eneo la machinga lichorwe kwenye ramani tangu kituo kinapobuniwa, kama tunavyochora vyoo. Tukijenga kituo bila nafasi yao, watakaa kwenye nafasi ya abiria, hilo halihitaji mtaalamu. Dodoma wamejenga soko la wazi la machinga barabara ya Bahi, la chini, halina ghorofa za kupandia. Walioko huko watuambie jioni wateja wanafika au la. Nikisikia linafanya kazi nitafurahi, maana angalau somo la Ilala litakuwa limefika mahali.

Na wasipangiwe wakiwa hawapo. SHIUMA, shirikisho la machinga, lipo, na wilaya zina viongozi wao. Kuwaita siku ya kutangaza tarehe ya mwisho ya kuondoka hakuwezi kuitwa kuwashirikisha.

Basi nauliza watu wawili humu, na naomba mjibu bila kuzunguka. Wewe mtumishi wa manispaa: soko la mwisho mlilojenga kwa ajili ya machinga, kabla ya kuchagua kiwanja, kuna mtu alisimama pale saa moja usiku akahesabu watu wanaopita? Na wewe mwenye fremu: mtaa wako ukifungwa kwa magari kila jioni, mlango wako ukabaki wazi na mbele yako kukawa na meza zinazolipa ushuru, utakataa kwa sababu gani?