Kuku anachelewa kutaga kila siku halafu anaruka siku, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina kuku wa mayai, wanakula vizuri, chanjo zote wamepata, kinyesi kiko poa. Kuna mmoja nimemfunga kitambaa mguuni nimfuatilie, leo akitaga saa 2 asubuhi kesho ni saa 3, keshokutwa saa 4, inasogea hivo hivo mpaka mchana, mara siku moja hatagi kabisa alafu anaanza upya asubuhi. Anaumwa? Jirani ananambia niwashe taa usiku kucha, naogopa kuwatesa.

Babu Banda: Mkuu huyo mzima kabisa. Yai moja linachukua kama saa 25 kutengenezwa, ganda peke yake linakula kama saa 20, na siku ina saa 24 tu, lazima asogee mbele. Na homoni inayoachia kiini kipya inatoka usiku, sasa ratiba yake ikishaangukia mchana mwili unasubiri, ndo hiyo siku anaruka.

Mama Trei: Taa usiku kucha usijaribu mdogo wangu, kuku anahitaji giza alale. Anayetaga anataka mwanga saa 14 mpaka 16, jua letu linatoa kama 12. Ongezea alfajiri, lengo liwe kuwasha saa 10 mpaka kukuche, ila nenda taratibu, nusu saa kila wiki. Jioni acha giza liingie lenyewe wapande vichanjani, ukiwazimia taa ghafla wanarundikana chini. Nunua taimer, maana ukishaongeza usirudi nyuma, mwanga ukipungua wanakata kutaga na manyoya yanapukutika.

Muuliza swali: Asanteni sana aisee. Upande wa pili wa banda nina mitetea ya wiki 10, tumetenganisha na wavu tu, nao wapate hiyo taa?

Babu Banda: Hapana!! Hao wakiongezewa mwanga saivi watawahi kutaga mwili haujakomaa, mayai madogo na wengine kizazi kinatoka nje, inauma kuona. Na usiseme watafumba macho, mwanga unapenya mpaka kwenye fuvu unafika kwenye ubongo, hata kuku kipofu anajua kumekucha. Wahamishe, au ziba huo wavu kwa turubai jeusi juu mpaka chini kabla hujafunga hiyo taa.