Kuku wa Senge (Shangazi)

Kikundi: Watu wa Webuye na Nakuru
Jumatano

[11:42] Baba Tevin: Wapendwa, tumerudi nyumbani. Leo dawa ya saratani ya Mama Tevin haikuingia. Damu imepimwa, seli nyeupe ziko chini. Tumeambiwa turudi Jumatano ijayo.

[11:43] Nekesa: Ai! Na ilikuwa imebaki moja tu ya ile nyekundu!

[11:47] Mjomba Elijah: Poleni sana. Mungu yupo.

[11:51] Senge Rhoda: Ni kwa sababu hali chakula. Nilimwona Pasaka, mkono kama ufito. Saga bitiruti, karoti na tangawizi, anywe asubuhi kabla ya chai. Kuna mama hapa kanisani damu yake ilipanda kwa siku tatu.

[11:53] Baba Tevin: Senge, bitiruti tumekunywa. Shida ni kwamba ile dawa yenyewe ni nyekundu na ikiingia anakojoa nyekundu siku hiyo. Mara ya kwanza tulishtuka, muuguzi akasema ni rangi ya dawa tu. Sasa ukiongeza bitiruti hata hatujui tunaangalia nini.

[11:53] Nekesa: 😂😂 haki Baba Tevin

[11:58] Faith: Senge shikamoo. Bitiruti haina neno, ni chakula. Lakini damu inayosemwa hapa si ile ya kuongezwa na mboga. Ni seli nyeupe, askari wa mwili. Dawa inapiga saratani inawapiga na wao. Wanashuka sana kama siku ya 10 hadi ya 14, halafu wanapanda wenyewe. Wa shangazi Mama Tevin wamechelewa tu.

[12:01] Senge Rhoda: Na majani ya mstafeli? Nimeletewa gunia.

[12:02] Faith: Hayo hapana Senge, tafadhali. Asinywe kitu chochote cha kuchemshwa bila daktari wake kujua.

[12:03] Senge Rhoda: Nyinyi watoto mliosoma. Sasa gunia zima nifanyie nini?

[12:03] Nekesa: Mpe ng'ombe

[12:04] Senge Rhoda: Nekesa.

[12:10] Mjomba Elijah: Basi Jumamosi tunakuja. Nimeshaongea na watu wa maombi, tuko 14, matatu tumekodi. Tukitoka huku saa kumi na moja alfajiri, saa nne tuko hapo kwenu Nakuru, mtaa wa Shabab.

[12:19] Faith: Mjomba, seli zikiwa hivi, mafua ya mtu mwingine yanaweza kumlaza hospitali.

[12:20] Mjomba Elijah: Maombi hayaleti mafua.

[12:20] Faith: Maombi hayaleti. Waombaji wanaleta.

[12:38] Baba Tevin: Mjomba usikasirike, wacha niseme. Mkija 14, mimi ndiye wa kuchemsha chai ya watu 14, na yeye hawezi kulala wageni wakiwa sebuleni. Atafunga kilemba, atavaa ile gauni ya kijani, atakaa wima mpaka mwondoke. Halafu analala siku mbili. Pasaka ndivyo ilivyokuwa, mkaniambia kwa simu "lakini alionekana mzuri".
Na kila mtu ananiuliza zinahitajika pesa ngapi. Dawa bima ya serikali, SHA, inalipa, ingawa tunaihesabu, maana kiwango ni cha nyumba nzima kwa mwaka. Mionzi ikifika zamu yake mashine iko hapa hapa Nakuru, si kama zamani mtu kuhamia Nairobi. Kinachonimaliza ni vitu vya kipuuzi. Jana nimepika managu na vijiti vyake. Tevin ana kazi ya shule ya kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege, na mimi nafunga duka saa mbili usiku. Omena ikiingia kwa sufuria mwenyewe anatoka nje. Chakula chote anasema kina ladha ya shilingi. Siku hizi anatumia kijiko cha plastiki cha Tevin, kile cha sungura, ndio angalau uji unapita.
Usiku nalala na kipimajoto chini ya mto. Begi liko mlangoni. Tuliambiwa ikifika 38 tusingoje kupambazuke, na tusimpe dawa ya homa kwanza, itaficha.

[12:39] Nekesa: 😔

[12:55] Mama Tevin: Mimi niko kwenye hiki kikundi.

[12:55] Nekesa: 🙈

[12:58] Mama Tevin: Nasoma tangu saa tano. Senge, ufito nimeusikia. Mjomba, njoo peke yako na barakoa, tukae nje chini ya mpera, unipe habari za huko, hata za ile kesi ya shamba. Hao 13 waniombee wakiwa Webuye.
Na huyu Baba Tevin hajawaambia kwamba anaingia bafuni kulia akiwa amefungua bomba nisisikie. Jumanne hatuna maji. Nasikia bomba likikohoa na yeye.

[13:02] Baba Tevin: Ujumbe huu umefutwa

[13:04] Mjomba Elijah: Nitakuja peke yangu binti yangu.

[13:06] Nekesa: Wifi, Ijumaa nampitia Tevin shuleni, alale huku Lanet. Sanamu tutaitengenezea hapa, kuna lile koti la marehemu babu. Na managu nitakuletea nimeshachambua, MAJANI PEKE YAKE, Baba Tevin.

[13:07] Mama Tevin: Asante wifi. Usimwache alale na simu.

[13:15] Senge Rhoda: Mimi sijui mambo ya seli. Kuku nimeshamtuma, gari la saa sita. Ana uzi mwekundu mguuni. Dereva ana namba ya Baba Tevin.

[13:16] Mama Tevin: Senge! Yule wa Pasaka bado yuko hai. Tevin alimwita Kamanda, sasa nani atamchinja?

[13:17] Senge Rhoda: Kuku wa kula ana jina?

[18:26] Baba Tevin: 📷 Picha
Amefika salama.

[18:28] Nekesa: Mbona manyoya yako kila mahali?

[18:29] Mama Tevin: Wameshapigana. Kamanda ameshinda. Nimecheka mpaka nimeshika mbavu, na nimekula ugali nusu sahani.

[18:31] Faith: Nusu!

[18:33] Mama Tevin: Na kijiko cha sungura. Senge, Tevin anauliza huyu mgeni aitwe nani.

[18:40] Senge Rhoda: Mwambie anaitwa Mchuzi.