Tupeane uzoefu: maumivu baada ya upasuaji wa bawasiri, fistula na mpasuko

Mgonjwa Mpya: Wakuu, leo siku ya nne tangu nipasuliwe bawasiri. Nilichomwa ganzi ya mgongo, sikuhisi kitu. Shughuli imeanzia nyumbani. Naogopa kula maana nikila nitaenda choo. Mliopitia, mlivumiliaje?

Subira: Pole sana. Usiache kula! Choo kikikaa ndani kinakauka, kitakuja kukuumiza maradufu.

Mama Wawili: Nimesoma mpaka mwili umesisimka. Mimi nilikuwa nameza vidonge vya kodeini, maumivu yanatulia, nikajiona nimepona. Hakuna aliyeniambia kwamba vinafunga choo. Siku ya tano, saa nane usiku, kikaja. Niling'ata taulo, mkono mmoja umeshika komeo la mlango, jasho linadondoka kutoka kidevuni hadi magotini. Nilipoona matone ya damu nikajua mshono umeachia, nikalia kwa sauti. Mume wangu yuko nje ya mlango, "vuta pumzi, mama, vuta pumzi," na yeye sauti inatetemeka. Baadaye akanisaidia kukaa kwenye beseni la maji vuguvugu. Dakika kama kumi hivi, nikasikia ule msuli uliokuwa umekaza unaachia taratibu. Kesho yake daktari akanipa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, akasema dawa ya maumivu niimeze nusu saa kabla ya choo, nisisubiri niumie kwanza.

Kimya Kingi: Hapo kwenye taulo umenikumbusha mbali. Mimi ilikuwa kola ya shati.

Fundi: Maji yawe ya moto kabisa, utie chumvi ya kutosha.

Subira: Fundi, usimuunguze mwenzako. Vuguvugu tu. Kinacholegeza msuli ni joto, chumvi haina kazi hapo.

Fundi: Mimi nilitia na nikapona.

Subira: Na usingetia ungepona vilevile.

Jirani: Mama Wawili, ile damu iliishia wapi?

Mama Wawili: Ilikata yenyewe. Matone machache ni kawaida. Ikimwagika bila kukata, au mabonge, au ukapata homa, au mkojo ukakataa kutoka, kimbia hospitali, usisubiri kukuche.

Njia Ndefu: Mimi sikupasuliwa, nilikuwa na mpasuko, yaani ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika. Choo kinapita kama kipande cha chupa, halafu moto unawaka saa mbili nzima. Marhamu ya nitrogliserini ilisaidia lakini kichwa kiligonga balaa, nikabadilishiwa marhamu nyingine, diltiazemu. Ikachukua wiki nane.

Uzi: Wa fistula, yaani kijinjia cha usaha kando ya njia ya haja kubwa, tupo. Miezi mitano natembea na uzi ndani ya njia ya usaha. Kidonda huachwa wazi kijifunge kuanzia ndani, kwa hiyo nguo ikilowa usikate tamaa.

Jirani: Kalia mto wenye tundu katikati.

Kimya Kingi: Mimi huo mto uliniongezea uvimbe. Nililalia ubavu. Chooni weka miguu juu ya kigoda, usikamue, na simu ibaki chumbani.

Mgonjwa Mpya: Nimekula, nimekunywa maji mengi. Tumbo limeanza kusokota. Nimemeza dawa sasa hivi, beseni liko tayari. Mikono inatetemeka.

Mama Wawili: Tupo hapa. Usifunge komeo, usije ukazirai peke yako humo ndani.