Fremu ya chuma kwa vipimo vyangu, nianzie wapi?

Wakuu naombeni ushauri, nataka nitengenezewe baiskeli ya chuma ya kwenda nayo kazini kila siku, maana fremu za dukani zote fupi kwangu, nikifika mgongo unawaka. Lazima iwe kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni) au bomba za chuma cha kawaida zinatosha?

Jibu 1: Kromoli mkuu, aina ya 4130. Ina nguvu zaidi so fundi anatumia bomba nyembamba, mfano milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, zile ncha ndo zinabeba joto la kuunga na mzigo.

Jibu 2: Mwambie mapema kama utaweka madigadi na keria, vishikio vya skrubu vinaungwa kabla ya rangi!! Mi nilisahau nikafunga keria kwa klampu, ikala rangi, kutu ikaanzia hapohapo, iliniuma sana aisee.

Jibu 3: Kagua maungio kabla hayajapakwa rangi. Ukiunga kwa shaba njano bomba lenyewe haliyeyuki, na mshono mzuri ukipitisha kidole kinateleza tu bila kukwama. Halafu ndani ya bomba fundi apulize dawa ya kuzuia kutu.

Muuliza swali: Asanteni sana, ya keria sikuifikiria kabisa, naiandika sasa hivi.