Uliniuzia kipoza-maji cha kuovakloki, sasa unaninyima warranti kwa sababu ya ovakloki?

Wadau, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu nikimwendea mwenye duka kwa upole. Leo upole umeisha. Jina la duka silitaji, maana nataka alisikie kwanza mbele ya hakimu, lakini aliyonifanyia nayamwaga yote hapa ili anayepanga kubadilisha kipoza-maji, kile kifaa kinachopoza prosesa ya kompyuta kwa maji, hapa Nairobi ajue la kukagua kabla pesa haijatoka kwenye M-Pesa.

Kazi yangu ni kutengeneza picha na video za majengo kwa programu ya Blender. Msanifu ananiletea ramani, mimi namwonyesha mteja wake nyumba kana kwamba imeshajengwa. Mashine yangu ina prosesa ya Intel Core i7-12700K. Ile K ya mwisho maana yake imefunguliwa, yaani unaruhusiwa kuisukuma kupita kasi ya kiwandani (ndiko kuovakloki), mradi madabodi yako, ule ubao mkuu wa kompyuta, nayo inaruhusu, na yangu ni ya Z690, inaruhusu. Intel wenyewe wameiandikia wati 125 za kawaida na 190 ikikaza kamba. Nilikuwa na kipoza-maji cha rejeta ya milimita 240, chenye feni mbili, na kazi ikikesha usiku kucha joto lilikuwa linatulia kwenye nyuzi 84.

Nilichotaka ni viini vyote vinane vikubwa vya prosesa vikimbie GHz 5.1 badala ya 4.7. Kwa aliyewahi kuovakloki, hesabu anaijua: joto halipandi sambamba na kasi peke yake, kwa sababu kasi ikipanda lazima uongeze na voltiji, na voltiji kwenye hesabu inazidishwa kwa yenyewe. Ongeza kasi asilimia 8 na voltiji asilimia 8, umeme unaoliwa umepanda kwa zaidi ya robo. Rejeta ya 240 ingezidiwa. Ndiyo maana nikatafuta ya 360, feni tatu.

Kabla sijalipa nilimwandikia mwenye duka kwenye WhatsApp, neno kwa neno: "Nataka ya kuovakloki 12700K. Soketi yangu ni LGA 1700." Soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye madabodi. Akajibu: "Hii ni 360, bosi. Ovakloki upendavyo." Nikatuma shilingi 42,000, kufungiwa ikiwemo, nikawaachia mashine asubuhi, nikaichukua jioni. Ujumbe ninao. Risiti ninayo.

Nafika nyumbani Roysambu, naiwasha. Bayosi, ile mipangilio ya ndani ya madabodi, sijaigusa, kasi ni ile ile ya kiwandani. Naanzisha kazi ya mteja. Sekunde kumi hazijatimia, nyuzi 100! Na 100 ndiyo mwisho wa prosesa hii, ikifika hapo inajipunguza yenyewe isiungue. Ikashuka hadi GHz 3.6 ikabaki hapo hapo. Yaani nimetoa 42,000 ili mashine iwe mzito kuliko ilivyokuwa Jumatatu. Na hii ni Julai, ule mwezi tunaovaa majaketi ndani ya nyumba.

Nikarudi. Mara ya kwanza akaniambia pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, bado mpya, itazoea. Sikubishana, nikarudi nyumbani nikangoja siku nne. Haikuzoea kitu. Mara ya pili fundi wake akaitikisa, akasikia maji yanabubujika, akasema yamepungua. Akafungua kifuniko cha kujazia, akachukua chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa pale mezani, akaongezea! Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamuuliza, "Ndugu, hayo si maji ya kunywa?" Akasema maji ni maji.

Maji si maji. Rejeta ya kipoza kile ni ya alumini na bamba linalogusa prosesa ni la shaba. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji yenye chumvichumvi, alumini inaanza kuliwa. Kiwanda huweka kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, yenye dawa ya kuzuia kutu kwa sababu hiyo hiyo. Maji ya chupa yana madini, yameandikwa kwenye lebo yake. Fundi wa gari yeyote wa Kirinyaga Road atakwambia maji ya mfereji kwenye rejeta yanaua injini polepole, lakini huyu anayejiita mtaalamu wa kompyuta hajui.

Mara ya tatu ndiyo iliyonichoma. Mwenye duka mwenyewe akatoka nyuma, akauliza hii mashine nilitaka kuifanyia nini. Nikasema kuovakloki, kama nilivyokuandikia. Akasema, "Basi hapo umejiharibia, mkubwa. Ovakloki inafuta warranti." Nikamwonyesha ujumbe wake. Akasema huo ulikuwa wa mauzo. Wa mauzo! Halafu akaongeza kwamba Nairobi ni baridi, kipoza chochote kingetosha, kwa hiyo ubovu uko kwenye prosesa yangu.

Hilo la baridi nalo lijibiwe, maana nimelisikia kwa wauzaji wengi. Jiji hili liko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa limepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa nyepesi zaidi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Rejeta ya maji nayo mwishowe inategemea feni. Ubaridi wa Julai unasaidia, sikatai, lakini haumpi mtu ruhusa ya kufunga vibaya.

Usiku ule nikafungua mwenyewe. Na hapa ndipo nilipotetemeka kwa hasira.

Breketi aliyofunga fundi, ile inayoshikilia kipoza kwenye madabodi, ni ya LGA 1200. Soketi ya zamani! Matundu ya LGA 1200 yako milimita 75 kutoka moja hadi jingine; ya LGA 1700 ni 78. Yeye alivuta lile bamba la plastiki la nyuma kwa nguvu mpaka likapinda, akazitia skrubu zikiwa zimelala upande. Tena prosesa za LGA 1700 zimekaa chini zaidi kuliko za zamani, haifiki milimita nzima, lakini inatosha skrubu kufika mwisho wake kabla bamba la shaba halijabana. Pesti ilinionyesha kila kitu: ukingo mmoja imebanwa ikawa nyembamba, kwingine kote imesimama nene kama alivyoipaka. Prosesa ilikuwa inaguswa kipembe tu.

Si hilo tu. Rejeta aliilaza sakafuni mwa kasha, pampu ikawa ndiyo iliyo juu kuliko kila kitu. Hewa iliyomo kwenye mfumo hupanda juu, kwa hiyo yote ikakusanyika ndani ya pampu. Ule mbubujiko aliosikia fundi wake haukuwa upungufu wa maji, ulikuwa hewa aliyoitega mwenyewe. Rejeta ingefungwa juu ya kasha, hewa ingebaki huko na pampu ingefanya kazi kwa amani.

Nikakirudisha kile kipoza changu cha 240 kwa breketi yake halali. Nyuzi 84, kama zamani. Kwa hiyo prosesa ni nzima, mwongo ni mwenye duka.

Katika wiki hizi tatu nimechelewesha kazi mbili. Mteja mmoja, mama mmoja anayejenga Ruiru ambaye amekuwa akinipa kazi tangu naanza, amechukua mradi wake kwa mtu mwingine. Sikuwa na uso wa kumlaumu.

Ninachodai ni shilingi 42,000 zangu, zote. Kipoza sikitaki tena, maji ya chupa yameshaingia humo. Ibara ya 46 ya Katiba inanipa haki ya bidhaa na huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia nikipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inawapa siku 60 kumaliza kesi. Barua ya madai nimempelekea jana. Nimempa siku 7.

Sasa nina maombi mawili. Aliyewahi kushtaki duka pale Milimani kwa jambo kama hili, naomba aniambie: picha za WhatsApp walizipokea hivi hivi au walitaka zithibitishwe kwanza? Na mwenye kujua duka hapa mjini linalouza 360 ikiwa na breketi halisi ya LGA 1700 ndani ya boksi, anitumie ujumbe. Nitafunga mwenyewe.