Wakuu, uwiano wa neutrofili na limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu) ni 9. Ugonjwa umekomaa?

Mtoto wa Kwetu: Wakuu, heshima kwenu. Nina vidonda vya utumbo mpana, kamera ilionyesha mwaka jana. Juzi nimepima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu: neutrofili 10.8, limfosaiti 1.2, pleteleti (za kugandisha damu) 540, wingi wa damu 11.2. Nimesoma kwamba ukigawa hizo mbili za kwanza unapata ukali wa ugonjwa. Kwangu ni 9. Nimetishika. Kuna mzee wa dawa Tanga, Jumamosi naenda.

Kipanga Mweusi: Juisi ya kabichi, asubuhi kabla ya kula. Mimi vidonda vya tumbo vilikwisha.

Mtoto wa Kwetu: Si vya tumbo mkuu, ni utumbo mpana.

Bibi Harusi 2: Pole mdogo wangu. Baba mkwe alitibiwa amiba mwaka mzima huku anatoa damu. Alikonda mpaka mkanda tukautoboa tundu jipya kwa msumari.

Zamu ya Usiku: Nafanya kazi maabara. Unatumia dawa gani?

Mtoto wa Kwetu: Za kawaida tu.

Zamu ya Usiku: Zipi?

Mtoto wa Kwetu: Prednisoloni, zile steroidi. Niliandikiwa wiki sita, zilipoisha nikawa nanunua mwenyewe duka la dawa. Mwezi wa nne huu. Mesalazini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, bei yake siiwezi, na hizi zinanipa nafuu. Ungekuwa wewe ungeacha?

Mzee wa Busara: Vijana mnajitibu kama mnanunua karanga.

Zamu ya Usiku: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Prednisoloni inazibandua neutrofili zilizoshika kuta za mishipa, zinaingia kwenye mzunguko. Limfosaiti nazo zinashuka. Hiyo 9 huenda sehemu kubwa ni dawa. Ila usiikatishe ghafla, tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya aina hiyo, zimeshazoea kulala.

Kipanga Mweusi: Hii chai. Mgonjwa gani anapiga hesabu za kugawa? Picha ya majibu iko wapi?

Mzee wa Busara: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Mtoto wa Kwetu: Karatasi ninayo mkononi, kona moja imelowa kwa sababu naisomea chooni. Ndiko ninakoshinda. Asiyeamini apite.

Zamu ya Usiku: Waache. Vigezo vya ugonjwa mkali vya madaktari Truelove na Witts, tangu 1955, vinaanza na choo: mara 6 au zaidi kwa siku, chenye damu, kisha angalau kimoja kati ya hivi: mapigo zaidi ya 90, joto zaidi ya 37.8, wingi wa damu chini ya 10.5, ESR (kasi ya chembe nyekundu kutua) zaidi ya 30. Uwiano wako haumo. Jana ulienda mara ngapi?

Mtoto wa Kwetu: Saba. Zote damu.

Zamu ya Usiku: Shika kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima.

Mtoto wa Kwetu: 104. Nimerudia, 106.

Zamu ya Usiku: Tanga isubiri. Nenda hospitali usiku huu, beba na pakiti ya prednisoloni, waambie miezi minne.

Bibi Harusi 2: Una mtu wa kukupeleka?

Mtoto wa Kwetu: Shemeji anatafuta bajaji.